Mama Mvua na Mipira Yake

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Nimeishi naye tangu nilipofiwa na mume wangu nikarudi kwa kaka, na sijawahi kuona mtu akibishana naye akatoka salama. Mtaani wanamwita Mama Mvua. Mwaka huu jua limewaka mpaka nyua za watu zimebaki vumbi tupu, lakini mbele ya geti letu kulikuwa na tope siku zote, na watu wakienda kazini walikuwa wanaruka dimbwi letu huku wakisonya. Walidhani tunaringa na maji. Laiti wangeingia ndani wakaona yalikotoka, wangenyamaza.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la saruji. Mtu mrefu, mcheshi, akicheka nyumba ya pili wanasikia. Wifi alimwita Dereva hata mezani, naye alimwita Bosi, na utani huo waliuanza zamani, watoto wao, ambao sasa wako mbali na kwao, hawajazaliwa. Siku za mapumziko hakuwa mtu wa kulala. Nyuma ya nyumba alijenga mnara mdogo wa matofali, akapandisha tangi juu yake, chini akafunga pampu ndogo ambayo maji yakitembea inawaka yenyewe, yakisimama inazima yenyewe. Kutoka kwenye bomba la ukutani, chini ya dirisha la jikoni, alivuta mpira wa kumwagilia mpaka mwisho wa ua, kwenye matuta ya nyanya, bamia na bilinganya. Mwisho wa mpira alifunga nozeli, ile inayoshikwa kama bastola, yenye kibonyezo: ukibonyeza maji yanaruka, ukiachia yanakata. Jioni ukimtafuta ulimkuta huko, fulana imelowa, anamwagilia na kupiga mluzi.

Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu, mkono wa kulia ukamgomea. Tukadhani ameulalia vibaya. Chai haijapoa, mguu nao umekwenda, mdomo umekwenda upande, na Dereva mwenyewe anatutazama kama anayeuliza nani amezima taa. Kiharusi. Alilazwa, akarudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, maneno yanamtoka moja moja, mazito, mengine hayatoki kabisa. Mkono wa kulia haukuwa na habari naye tena.

Wifi aliacha kazi yake ya kufungasha mikate kiwandani. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani asipate vidonda, na muda wote huo anaongea. Alimsimulia mume wake habari za mtaa mzima, nani kahama, nani kanuna, utadhani amelipwa. Mimi nilijua anaogopa ukimya. Kule hospitali walitupatia binti wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye subira, akampa kaka kipande cha sponji awe anakibana kwa mkono ule mgonjwa. Kaka alikitazama siku chache, halafu akakichukua kwa mkono wa kushoto akakirusha juu ya ukuta. Kilianguka kwa jirani na hatukwenda kukidai.

Sasa siku moja wifi alimsukuma mpaka kwenye matuta ili apate hewa wakati yeye anafunga nyanya kwenye vijiti. Akamwekea nozeli mapajani. Kwa utani tu akachukua ule mkono wa kulia, akavizungushia vidole vyake kwenye kibonyezo, akasema, "Haya Dereva, piga honi."

Maji yakatoka. Si mengi, yalimlowesha kiatu basi. Yakakata, yakatoka tena. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia wifi ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikakimbia na kisu mkononi, nikawakuta, kaka anacheka kwa nusu ya mdomo na wifi amepiga magoti kwenye tuta, amekalia miche yake mwenyewe. Tulilia wote watatu. Sioni haya kusema.

Toka siku hiyo nyumba ikapata kazi ya kufanya. Kila asubuhi baada ya chai kiti kinatoka, vidole vinazungushwa kwenye kibonyezo, na tunatazama maji yanafika wapi. Mwanzo yalikuwa yanadondoka. Baadaye yakafika tuta la kwanza. Wifi alikuwa anasimama hapo na kanga imefungwa kiunoni, akimshangilia kama yuko uwanjani. "Leo tumefika kwenye bamia," angeniambia nikirudi sokoni, na jioni angewaambia majirani, na kesho yake angemwambia mwenye kuleta mkaa, ambaye hakuuliza. Hakuwa anazungumzia maji. Alikuwa anazungumzia mkono. Alishaapa kwamba Dereva atarudi barabarani, na yeye akiapa ameapa.

Tatizo likawa mpira. Ule wa kwanza, aliouweka kaka mwenyewe, ulipasuka katikati mchana wa jua kali, ukafanya kimto kwanza, kimto kikavimba, kikapasuka. Wifi akaenda kwa Profesa. Profesa ni muuza vifaa vya ujenzi wa kona ya pili, na jina hilo tulimpa kwa sababu ukimwomba msumari anakupa na historia yake. Akauchukua ule mpira, akaukunja, akatuonyesha nyufa.

"Mama, huu hamjautumia, mmeutesa," alisema. "Mnafunga maji wapi mkimaliza?"

"Kwenye nozeli."

"Na bomba la ukutani?"

"Liko wazi. Kuna ubaya gani, si maji hayatoki?"

"Hayatoki, lakini yanasukuma. Pampu imeyajaza humo ndani, jua linayapasha, mpira umelainika, hauna pa kupumulia. Hata ungekuwa wa chuma. Ukimaliza funga bomba, bonyeza nozeli maji yaishe, viringisha mpira uuweke kivulini. Utatuzika wewe na mimi."

Alituuzia mwingine mzuri, wenye nyuzi zilizosukwa ndani. Wifi safari hiyo alimsikiliza. Jioni alifunga bomba, akauviringisha mpira, akauweka kivulini kama alivyoambiwa. Asubuhi aliutandaza akasahau kufungulia, maana alikuwa anahangaika na uji uliokuwa unafurika. Kaka alishawekwa kwenye nafasi yake, vidole vimezungushwa. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, uso mzima umejikunja, jasho linamtoka, nozeli kavu. Hakujua bomba limefungwa. Alidhani mkono umekufa upya. Wifi alipotoka na uji alimkuta ameufunika ule mkono kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeficha aibu, na machozi yanamchuruzika mpaka shingoni. Tulifungulia mbio mbio, tukamwonyesha, tukamwambia ni bomba, ni bomba tu. Alikataa kuushika. Hakula siku hiyo wala hakutaka kutazamwa.

Wifi akala yamini kwamba bomba lile halitafungwa tena. Asubuhi, mchana, usiku, liwe wazi, ili Dereva akitaka maji saa yoyote ayakute. Nikamwambia, wifi, tutamaliza mipira ya duka zima. Akanijibu, "Mpira unanunuliwa." Nikamwambia, basi tuwe tunafunga akilala. Akanitazama mpaka nikaona bora nikachambue mchicha.

Na kweli tulimaliza. Ule wenye nyuzi ukavimba ukaoza. Ukafuata mnene wa kijani ambao Profesa alisema wanautumia kwenye mashamba makubwa, nao ukapasukia palepale unapopinda kwenye kona ya ukuta. Tulikata vipande, tukaviunga kwa viungio vya plastiki, tukakaza kwa bana za chuma, tukaviringisha tyubu ya baiskeli juu ya matundu. Pakizibwa hapa panafumka pale. Maji yalitafuta njia yake kupitia kichochoro mpaka getini, ndiyo yale matope waliyokuwa wanaruka watu. Wifi alikuwa anaamka usiku ananyata kukagua mpira mzima kwa vidole, anausikiliza, anaupapasa. Mikono yake ilijaa mikwaruzo ya zile bana. Alikonda. Mimi nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma, vyote kwa pamoja, na nilikuwa nalala navyo.

Kitu kimoja hakikubadilika, nozeli. Profesa kila mara alimpa mpya ikiwa imefungwa pamoja na mpira, na kila mara wifi aliifungua akairudisha, akafunga ileile ya zamani. Alisema vidole vya Dereva vimeshaizoea. Jioni aliifuta kwa kitambaa kama kikombe cha mgeni. Ilikuwa imeanza kuvuja hata isipobonyezwa, tone, tone, mapajani kwa kaka, na tukamtandikia mfuko wa nailoni.

Na maji yalikuwa yanafika mbali. Hilo nalo ni kweli. Yalipita bamia, yakapita bilinganya, yakagonga ukuta wa nyuma. Mtu yeyote angeona. Siku moja tu nilimkuta kaka peke yake ameichukua nozeli kwa mkono wa kushoto, anaibonyeza kwa kidole kimoja, cha mwisho, anaachia, anabonyeza. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza injini. Wifi alipotokea mlangoni akairudisha haraka kwenye mkono wa kulia, na maji yakaruka mpaka ukutani, na wifi akapiga kofi la furaha. Nilidhani alikuwa anaupumzisha ule mwingine.

Tulipokwenda kliniki, binti wa mazoezi aliweka vidole vyake viwili kwenye kiganja cha kaka. "Bana, baba. Bana kwa nguvu zako zote."

Tulingoja. Kwenye benchi la pili mtoto alikuwa analia, akanyamaza, sisi bado tunangoja.

"Hajazoea vidole vyako," wifi alisema. "Amezoea nozeli."

"Mama, mkono ni mkono."

"Njoo nyumbani umwone anavyomwagilia. Anafika ukutani."

Yule binti hakuwa na ubaya. Alisema polepole kwamba wagonjwa wanaosubiri nafasi ni wengi, na safari ijayo wakuu wake watampima, na ikiwa mkono haujabadilika, nafasi atapewa mwingine na sisi tuendelee na mazoezi ya nyumbani. Alituambia bila kututazama. Kaka alikuwa anaangalia dirishani. Nilijua maana yake, na wifi alijua: wanatuaga.

"Tutakuja na mpira wetu," wifi alisema. "Pale kwenye bustani yenu nimeona bomba."

Binti alidhani anatania. Mimi ninayemjua sikucheka.

Basi akajiandaa kwa safari ile kama anayemuoza binti yake. Alinyoosha shati la kaka. Aliusafisha mpira kwa sabuni, akakaza bana zote kwa bisibisi, akabadilisha tyubu iliyolegea. Jioni ya kuamkia kliniki alimsukuma kwenye matuta afanye mazoezi ya mwisho. Jua lilikuwa bado kali, na mpira ulikuwa umelala wazi tangu asubuhi, umejaa, ukiugusa unaunguza. Kaka alibonyeza mara moja, maji yakaruka vizuri. Akaachia. Hapo ndipo kiungio cha mbele, kile kinachoshika nozeli, kikachomoka kwa kishindo. Nozeli iliruka kutoka mikononi mwake, ikagonga ngazi ya saruji ya mlango wa jikoni. Mpira ukabaki unajipigapiga chini na kutulowesha wote.

Kaka hakuumia. Nozeli ilikuwa imepasuka mpini.

Wifi aliiacha palepale ilipoangukia. Alivaa kandambili, akatoka, na mara nikamwona anarudi anakimbia, mwanamke mzima, na mpira mpya wa Profesa begani na nozeli mpya ikining'inia kwenye kasha lake. Safari hii hakuwa na ya zamani ya kurudishia. Alifunga kila kitu mwenyewe, akafungulia bomba mpaka mwisho, akapiga magoti mbele ya kiti, akavizungushia vidole vya kaka kwenye kibonyezo kipya, kimoja baada ya kingine.

"Haya, Dereva."

Kaka alimtazama kwanza. Alimtazama kwa muda. Halafu akabonyeza, au akajaribu, maana niliona bega linapanda na mshipa wa shingo unasimama. Kibonyezo hakikusogea hata unywele.

"Tena. Ni mpya, imekaza. Tena, baba."

Akajaribu tena. Wifi akaruka kwenda kutazama bomba. Liko wazi. Akatazama pampu, akaipiga piga kwa kiganja. Akarudi akaunyoosha mpira, labda umejikunja mahali, haujajikunja popote. Alikuwa anaongea peke yake, presha ndogo, hewa imeingia, Profesa ameniuzia takataka, kesho ataniona. Akaichukua nozeli akaibonyeza mwenyewe kwa mkono wake. Ilimbidi akaze kidogo, kisha maji yakaruka juu ya matuta yote yakapiga ukuta mpaka yakarudi.

Akasimama hapo anayatazama yale maji. Akaachia. Taratibu akageuka, akaiendea ile nozeli ya zamani iliyokuwa chini ya ngazi. Akaiokota na mpini wake uliovunjika, akaweka kidole kwenye kibonyezo. Kidole kidogo. Kikazama kama anayebonyeza mkate wa moto. Akaachia, na kibonyezo hakikurudi. Kilibaki ndani.

Mwezi baada ya mwezi, yale maji yaliyofika bamia, yaliyofika bilinganya, yaliyofika ukutani, hayakuwa mkono. Ilikuwa springi ya kile kibonyezo inachoka. Tulikuwa tunashangilia kitu kinachokufa tukidhani ni kitu kinachopona. Niliketi kwenye ngazi, kwenye maji. Wifi alikuwa bado amesimama, anabonyeza kile kibonyezo, anakivuta kwa kucha kirudi, anabonyeza.

"Springi," kaka alisema.

Tukageuka wote wawili.

"Ilikwisha," alisema. Ulimi ulikuwa unamtesa, alilitafuta neno linalofuata kama anayetafuta funguo gizani. "Zamani."

Wifi alimsogelea. "Ulikuwa unajua?"

Akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyekanyaga breki na klachi miaka yote hiyo, nani angemdanganya habari za springi.

"Unajua, na kila siku unatoka hapa unabonyeza? Mimi nazunguka mtaani natangaza, natukanwa kwa ajili ya tope, nakesha napapasa mpira, na wewe unajua?" Alimpiga kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu, halafu akampiga tena. "Kwa nini hukuniambia?"

Kaka alihangaika na ulimi. Nilitaka kumsaidia neno lakini sikujua analitafuta lipi.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

Wifi aliiweka chini ile nozeli ya zamani. Alikaa chini kwenye tope mbele ya kile kiti, akaweka paji la uso kwenye magoti ya mume wake, na sauti iliyomtoka sitaki kuisikia tena maishani. Kaka alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto. Nami nililia pale kwenye ngazi, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, maana kumbe na mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Baadaye aliinua uso. "Kesho niwaambie nini hospitali?"

Kaka aligeuza shingo. Aliyatazama matuta. Nyanya zilikuwa zimeinamisha majani kwa joto la mchana kutwa.

"Mwagilia," alisema. "Wewe."

Wifi akajifuta pua kwa upindo wa kanga, akaichukua nozeli mpya, akaanza tuta la kwanza. Alikuwa analia kwa sauti na kumwagilia kwa wakati mmoja. Akiruka mche, kaka alimwonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto, naye alirudi akaunyeshea. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mkono wa kiti, vidole vimejikunja kama tulivyoviacha, na hakuna aliyekwenda kuvinyoosha.